Hedi imerudi, mlio umeingia: usikubali injini itolewe bado

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Nina Hiace ya diseli, injini ya Toyota aina ya 3L, nabebea mboga na matunda kutoka soko la Kongowea. Gasketi ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, iliungua, maji yakaingia kwenye oili. Mimi na shemeji yangu tuliifungua wenyewe uani, hapa Mishomoroni. Hedi tuliipeleka ikachongwa na vali zikasagwa, tukaweka gasketi mpya na belti mpya ya taimini. Kuna mipira miwili midogo ya maji inayokwenda kwenye pampu ya diseli, ilikuwa imepasuka, tukaiziba kwa bolti na klipu. Sasa injini inawaka vizuri hata asubuhi, moshi mweupe hakuna, nguvu ipo. Lakini inagonga, mlio mkavu wa ka-ka-ka ambao haukuwepo, na sailensa, yaani mzunguko wa injini nikiwa sijakanyaga mafuta, imekuwa juu hata injini ikishapata moto. Nikikwama kwenye foleni ya daraja la Nyali mlio unapungua kidogo, nikishika mwendo unarudi. Fundi mmoja amesikiliza kidogo tu akasema beringi zimekwisha, nitafute injini ya mtumba. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hongera kwanza. Kufungua hedi ya 3L uani na gari likawaka si kazi ya kila mtu. Pesa ya injini ya mtumba iache mfukoni. Umeandika mambo mawili kama ya kupita tu, ile mipira miwili mliyoiziba na sailensa isiyoshuka, na hayo ndiyo niliyoyasoma mara mbili. Nadhani mlio wako unatoka hapo. Lakini kudhani si kupima, na kwa kuwa maji yalishaingia kwenye oili, huyo fundi wa beringi hatuwezi kumpuuza hivi hivi. Tuanze na la kwake, maana likiwa kweli, kila safari ya Kongowea inaila krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni.

Chomoa kijiti cha oili. Hukuniambia kama mlimwaga oili ya zamani baada ya kazi. Kama ile iliyochanganyika na maji bado imo, au mliongeza mpya juu yake, utaona rangi ya chai ya maziwa. Imwage leo, badilisha filta pia, na baada ya siku chache za kuendesha imwage tena, kwa sababu matone hubaki kwenye njia za oili. Maji hayalainishi beringi kama oili inavyolainisha, na beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, haihitaji muda mrefu wa mateso kuchubuka.

Halafu pima presha ya oili kwa geji ya kufunga mahali pa swichi ya taa. Taa ya dashibodi usiitegemee, huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Injini ikiwa moto, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika unataka kuona bar mbili na nusu kwenda juu. Ikifika hapo, na kwenye sailensa sindano haianguki ikakaribia sifuri, huna tena sababu ya haraka ya kufikiria beringi. Mwenye kusema zimekufa bila kuweka geji anakisia kwa pesa zako.

Mlio wenyewe pia una la kusema. Injini yako ina silinda nne, na kila silinda inawaka mara moja krenki ikizunguka mara mbili. Kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mara sita hivi kwa sekunde kwa silinda moja. Kitu kikigonga kwenye silinda moja, sikio hukitenga: ko, ko, ko, unaweza kukifuatisha kwa kidole mezani. Silinda zote nne zikigonga kwa pamoja ni mara 25 kwa sekunde, na hapo huhesabu tena, unasikia mkururo mmoja mkavu. Wewe umeandika ka-ka-ka, mkavu. Beringi ya konrodi iliyochoka kwa kawaida huwa ya silinda moja, nayo ni nzito, inatoka chini, ni du-du-du unayoihisi mpaka kwenye sakafu ya gari. Kwa maandishi siwezi kuapa, lakini ulichoeleza hakifanani na beringi. Kinafanana na diseli inayowaka mapema mno, kwenye silinda zote.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ukishaelewa hili vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa na maana. Injini ya 3L inabana hewa kwa uwiano wa 22.2 kwa 1. Hewa inapata joto kiasi kwamba diseli ikipulizwa ndani inawaka yenyewe, bila cheche. Lakini haiwaki papo hapo. Kuna kitambo kifupi sana kati ya kupulizwa na kuwaka, na diseli yote iliyoingia katika kitambo hicho hulipuka kwa mpigo mmoja. Ule mpigo ndio mlio wa kugonga wa diseli tunaoujua. Pampu ikipuliza mapema kuliko inavyotakiwa, hewa bado haijabanwa wala kupata joto la kutosha, kitambo kinarefuka, diseli inarundikana, na mpigo unakuwa mkali. Pampu ikichelewa ni kinyume chake: injini inakuwa kimya kidogo, lakini inawaka kwa shida asubuhi, inatoa moshi mweupe na inakosa nguvu. Wewe umesema inawaka vizuri, moshi mweupe hakuna, nguvu ipo. Kwa hiyo la kuchelewa tunalifuta. Linabaki la kuwahi.

Sasa ile mipira. Pembeni mwa pampu ya diseli ya injini yako kuna kifaa kidogo chenye nta ndani yake, na maji ya injini hupita ndani ya kifaa hicho kupitia mipira ile ile mliyoiziba. Kazi yake ni kuisaidia injini ikiwa baridi. Nta ikiwa baridi inasinyaa, na mkono mdogo ulio ubavuni mwa pampu unakaa mahali pa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kuipandisha sailensa na kuifanya pampu ipulize diseli mapema. Maji yakipata moto nta inavimba, inausukuma ule mkono, sailensa inashuka na taimini, yaani wakati wa kupuliza diseli, inarudi mahali pake. Wewe umeifungia nta maji ya moto. Kwa pampu yako kila saa ni asubuhi ya baridi, hata saa nane mchana kwenye jua la Mombasa.

Na ile habari ya foleni ya Nyali inaingia vizuri hapa. Hiace imebeba injini chini ya viti, gari likisimama joto halina pa kutokea, pampu nzima inapata moto kwa nje na nta inavimba kidogo. Ukishika mwendo upepo unapita chini, inapoa, mlio unarudi. Hiyo si hakikisho, lakini beringi haina tabia hiyo. Beringi mbovu joto likizidi inapiga zaidi, kwa sababu oili inakuwa nyepesi.

Kipimo chake hakihitaji hata kufungua mpira. Zima injini. Tafuta huo mkono mdogo na pini ya nta inayogusana nao. Kwa bisibisi usukume mkono uachane na pini, halafu katikati yao ingiza kipande cha chuma chenye unene wa kati ya milimita 8.5 na 10. Hiki ndicho kipimo chenyewe cha Toyota cha kuuweka mkono huo kando wakati wa kutaimu pampu, si ujanja wa kwangu. Hakikisha chuma kimekaa imara, hakitarukia belti za mbele. Washa injini iliyokwisha kupata moto, usikilize. Sailensa ikishuka na ule ukavu ukaondoka, umeshapata jibu, na utakuwa umelipata bila kununua hata bolti.

Usikiache hicho chuma humo kikawa ndiyo matengenezo. Najua wako wanaofanya hivyo, na wengine wanang'oa kifaa chote wakisema pwani hakuna baridi. Injini itawaka, ni kweli, lakini asubuhi itatetemeka na kutoa moshi mpaka ipate moto, na ukiipeleka gari Voi au Taita usiku utanikumbuka. Nunua mipira miwili ya maji ya moto ya kipenyo kile kile. Usikate mpira wa bustani, na wa diseli pia si kazi yake. Weka na klipu mpya, kwa sababu za zamani chumvi ya hewa yetu huwa imeshazila.

Kabla ya kuifunga, puliza kwenye njia ya maji ya kile kifaa kwa mdomo, usikie kama hewa inapita. Watu wengi upande wa kisiwani na Kisauni hujazia redieta maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Magadi na kutu hujijenga kwanza kwenye vinjia vyembamba, na hiki ni chembamba kuliko vyote. Ikiwa hewa haipiti, mipira mipya haitasaidia kitu. Kifaa kitoe, kisafishe au ukibadilishe. Na ikiwa nawe umekuwa ukitumia maji ya kisima, nahofia hayo pia yalishiriki kuiunguza ile gasketi. Tia kulenti iliyochanganywa na maji safi, toa hewa yote kwenye mfumo, kisha ukishaendesha shika mipira yote miwili kwa tahadhari. Ikiwa redieta ni moto na mipira ile ni baridi, bado kuna hewa au kizibo.

Tuseme umeweka chuma na sailensa imeshuka lakini mlio upo vile vile. Basi kuna jambo la pili, na mahali pa kutafuta ni pale spana yenu ilipopita.

La kwanza kwangu lingekuwa belti. Mkiwa mmefunga belti, je, mliizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha mkaangalia tena alama zote tatu, ya krenki, ya kemshafti (shafti inayofungua vali) na ya pampu? Belti mpya hupenda kukaa vizuri kwenye alama wakati wa kuifunga, kisha ikishakazwa na tensheni inavuta gia moja jino moja. Pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo kosa dogo kwenye gia yake ni maradufu kwenye krenki. Fungua kifuniko cha mbele uangalie. Angalia pia kule pampu inakofungwa: kwenye mguu wake kuna mstari uliochongwa unaopaswa kukutana na mstari wa upande wa injini. Mkiwa mlilegeza nati za pampu ili kutoa mipaipu, huenda imegeuka kidogo kwenye matundu yake marefu, na kidogo hicho kinatosha kuifanya igonge. Rudisha mstari kwa mstari. Kuitaimu pampu kwa usahihi kabisa ni kazi ya daili geji inayofungwa nyuma yake. Hiyo mpe mtu mwenye geji na kitabu cha injini hiyo, mwenye sikio peke yake hatoshi.

Belti na pampu zikiwa sawa, pima silinda moja moja. Injini ikiwa kwenye sailensa, chukua spana namba 17 na ulegeze nati ya paipu ya diseli kwenye nozeli ya kwanza, ile inayopuliza diseli ndani ya silinda, mpaka diseli ichuruzike. Silinda hiyo itaacha kuwaka na gari litakuwa na misi. Sikiliza mlio umefanya nini, kaza, nenda ya pili. Vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kinene, na kidole kisipite mbele ya mchuruziko, kwa sababu diseli ya presha hutoboa ngozi na daktari wa hapo ni wa upasuaji. Na wasomaji wengine wenye D-4D, zile diseli mpya zaidi za Toyota, mnanisikia: hiki ni kipimo cha pampu za zamani tu. Mfumo wenu unashika zaidi ya bar 1,000, nati hiyo hailegezwi kabisa injini ikiwa inawaka.

Mlio ukipotea ukilegeza silinda moja, tuseme ya tatu, basi unatoka kwenye kuwaka kwa silinda hiyo au kwenye konrodi yake. Hapa ndipo wengi huhukumu haraka. Beringi mbovu nayo hunyamaza ukiikatia diseli, kwa sababu mzigo umeondoka. Njia ya kuzitenganisha ni kubadilishana nozeli: ya tatu peleka ya pili, ya pili lete ya tatu. Mlio ukihamia ya pili, ni nozeli, ipeleke kwenye mashine ya kupimia. Ukibaki ya tatu na ni mzito, sasa naanza kumsikiliza yule fundi wako. Kila unapotoa nozeli weka kile kijigasketi cha chini kikiwa kipya. Kikirudiwa kinavuja mgandamizo, unasikia chuff-chuff ambao watu huuita kugonga. Maji ya sabuni pembeni mwa nozeli yatatoa mapovu, utajua.

Mlio usiobadilika hata ukilegeza paipu zote kwa zamu hautokani na diseli. Ukiwa mwepesi, wa juu, wa tik-tik, ni vali. Kuchonga uso wa hedi hakubadilishi nafasi ya vali, yaani uwazi kati yake na kemshafti, kwenye injini hii, kwa sababu kemshafti imo ndani ya hedi yenyewe na inashuka pamoja nayo. Kusaga vali ndiko kunakobadilisha, na kuchanganya shimu, visahani vinavyopanga nafasi hiyo, ndiko zaidi. Shimu kila moja ina unene wake na mahali pake. Zikitiwa kwenye kopo moja pale kwenye kuchongesha, zinarudi kwa bahati nasibu. Injini ikiwa baridi, fila geji ikuonyeshe milimita 0.20 hadi 0.30 kwa vali za kuingiza na 0.40 hadi 0.50 za kutolea moshi. Nafasi kubwa inapiga kelele, usiiogope sana. Inayonitisha ni ndogo, isiyopiga kelele yoyote, ambayo inaunguza vali polepole.

Gasketi ya manifoldi ya moshi nayo iangalie, huwa inarudishwa ya zamani. Utaona masizi meusi, na ukiziba kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa mlio unaongezeka.

Diseli yenyewe siiweki mbali, ingawa kwako si mshukiwa mkubwa. Kabla ya 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa, kuchanganya mafuta taa na diseli kulikuwa na faida, na injini zilizokunywa mchanganyiko huo ziligonga na pampu zake zikachakaa mapema. Ikiwa mlio ulianza siku ile ile mliyojaza kwenye kituo kigeni, maliza tangi, jaza kwingine, usikilize.

Jambo la mwisho ndilo zito. Pistoni za injini hizi hujitokeza juu ya bloku kwa chini ya milimita moja, na Toyota hutengeneza gasketi ya hedi kwa unene wa aina tatu, zikiwa na alama B, D na F, ili mtu apime pistoni zilivyojitokeza kisha achague. Madukani kwetu unapewa iliyopo. Hedi iliyochongwa sana pamoja na gasketi nyembamba mno, vali zinakaribia pistoni kuliko inavyofaa, na zikigusana mlio ni mkali wa chuma kwa chuma, haubadiliki ukilegeza paipu. Rudi mahali walipoichonga uwaulize waliondoa kiasi gani na kama walipima kina cha vali baada ya kusaga. Kisha toa nozeli zote, zungusha krenki kwa mkono polepole mizunguko miwili. Ukihisi inagota mahali pamoja kila mara, gari lisitembee tena hata kwenda dukani. Hedi inafunguliwa, pistoni zinapimwa, gasketi sahihi inatafutwa, na bolti zinakazwa kwa toki ya Nm 78, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Na ikitokea vipimo vyote vimeelekea kwenye konrodi na presha ya oili iko chini, bado injini haitoki. Sampu, bakuli la oili, inafunguliwa kwa chini, kifuniko cha konrodi ya silinda ile uliyoipata kwa kulegeza paipu kinashushwa, na beringi unaiona kwa macho yako. Mwambie fundi afanye hivyo ukiwa umesimama hapo. Lakini kabla hujamwita, weka kile kipande cha chuma kwenye mkono wa pampu.